Mapigo Arobaini na Manne

Tarehe 22 Machi 1905, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, mwanamume mmoja mwenye afya na nguvu zake alipanda baiskeli kwenye maabara ya chuo kikuu akaelekea hospitali, umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Alipofika aliunganishwa na waya. Umeme wa moyo wake ukasafiri kwa waya wa simu na kurudi kule kule alikotoka, kwenye maabara ya Profesa Willem Einthoven, ambako mashine kubwa ilikuwa ikiusubiri. Hiyo inahesabiwa kuwa ECG ya kwanza kupigwa kwa mbali. Mstari ulipotoka, kilele ambacho Einthoven alikuwa amekipa herufi R kilikuwa kirefu. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa mepesi: bwana huyu ametoka kuendesha baiskeli.

Naipenda habari hii kwa utulivu wake. Mashine ni mpya kabisa duniani, mstari si wa kawaida, na anayeusoma hakimbilii kusema "ugonjwa". Anauliza kwanza huyu mtu alikuwa akifanya nini kabla hajafika hapa.

Kaka yangu hakuulizwa hivyo.

Tulikulia Mbulu, nyanda za juu, kwao John Stephen Akhwari yule aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa wa mwisho, bandeji gotini. Kwetu mtoto anayekimbia si habari. Kaka alikuwa habari kidogo kwa sababu alikimbia kila siku, mvua au vumbi, mita 5,000 na 10,000, akafika UMISETA, akarudi na medali ambayo mama aliitundika kwenye msumari mmoja na kalenda. Mwaka 2016 taasisi moja iliyokuwa ikichukua vijana wakimbiaji na kuwapa ajira ilimwita. Kilichobaki kilikuwa vipimo vya afya tu. Akalazwa kitandani, akabandikwa vibandiko kifuani, mashine ikatema karatasi. Juu kabisa mashine yenyewe ilikuwa imeandika, kwa Kiingereza, kwamba ECG hii si ya kawaida. Mapigo 44 kwa dakika.

"Kijana," daktari alimwambia, "moyo wako unapiga polepole mno, na kuna mawimbi yamegeuka. Huu si moyo wa kuupeleka kwenye mazoezi makali."

Kaka akajibu, "Sawa, daktari." Nilipomuuliza miaka baadaye kwa nini hakusema kwamba hukimbia zaidi ya kilomita mia moja kwa wiki, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Alidhani daktari anajua. Kwani alikuwa amekwenda pale kufanya nini?

Aliandikiwa barua aende mjini kupigwa picha ya moyo, kile kipimo cha eko. Nauli, malazi na gharama ya kipimo vilizidi tulichokuwa nacho, na orodha ya taasisi ilifungwa wiki mbili baadaye. Karatasi ya ECG ilikunjwa mara nne ikaingia kwenye Biblia ya mama. Tangu siku ile mama hakumruhusu kaka kubeba hata gunia la mahindi.

Mimi nasoma historia, shahada ya uzamili. Moyo naujua kwa njia ya vitabu vya watu waliokwisha kufa. Lakini nilipotakiwa kuchagua kitu cha kukifuatilia kwa miaka miwili, nilijua ni kipi. Nilitaka kujua mstari ule wa kaka umetoka wapi, na nani aliamua upi ni wa kawaida.

Hofu ya mazoezi ni ya zamani kuliko ECG. Mwaka 1867 daktari mpasuaji wa London, F. C. Skey, aliandika kwenye gazeti la The Times kwamba mashindano ya mitumbwi kati ya Oxford na Cambridge yanaharibu afya za vijana. Daktari mwingine, John Edward Morgan, ambaye mwenyewe aliwahi kupiga kasia Oxford, alikasirika kiasi cha kuwaandikia wapiga kasia wote wa miaka 40, kuanzia 1829, waliohai na jamaa za waliofariki. Kitabu chake cha 1873 kilionyesha kwamba walikuwa wakiishi miaka miwili hivi zaidi ya wenzao. Namwonea wivu Morgan. Alikuwa na barua. Mimi nina karatasi moja iliyokunjwa.

Halafu ukaja mwaka 1899, ambao kwa maoni yangu ndio mwaka ambapo habari hii inaanza hasa. Kule Uppsala, Uswidi, Salomon Henschen aliwapima wachezaji wa mbio za kuteleza thelujini kabla na baada ya mashindano. Hakuwa na mashine. Aligonga vifua vyao kwa vidole na kusikiliza mlio unapobadilika, kama mteja sokoni anavyogonga tikiti maji, akachora mpaka wa moyo kwa sauti tu. Akakuta mioyo yao mikubwa. Akasema pia kwamba ukubwa ule waweza kuwa jambo jema, kwamba moyo mkubwa ndio unaofanya kazi kubwa. Mwaka huo huo daktari Mholanzi, Karel Wenckebach, alieleza mchezo wa ajabu wa mapigo: pigo moja linachelewa kidogo, linalofuata linachelewa zaidi, mpaka moja linapotea kabisa, kisha mambo yanaanza upya. Naye hakuwa na ECG. Aliugundua kwa kufuatilia mapigo ya mshipa.

Henschen hakujua kwamba mchezo wa Wenckebach ungekuja kuonekana, miongo kadhaa baadaye, katika mioyo ya watu aina ya wale wateleza thelujini wake wakiwa usingizini. Leo daktari wa michezo akiuona kwa mwanariadha aliyelala anaendelea na chai yake.

Kilichounganisha mambo hayo mawili ni mashine ya Einthoven. Alizaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860, akawa profesa Leiden akiwa bado kijana. Alihitaji waya mwembamba kiasi cha kutikiswa na umeme mdogo wa moyo wa mtu. Waya huo ulikuwa uzi wa kwatsi uliopakwa fedha, na namna ya kuutengeneza inanifurahisha kila ninapoisoma: kwatsi inayeyushwa, inafungwa kwenye mshale, mshale unapigwa kwa upinde, na nyuma yake unabaki uzi ambao macho hayauoni vizuri. Uzi ule ulining'inizwa kati ya sumaku kubwa. Mashine nzima ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alikaa mikono yote miwili na mguu mmoja vikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka 1924 Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel.

Tusimame kidogo kwenye mstari wenyewe, maana bila huo mengine hayaeleweki. Katika chumba cha juu cha kulia cha moyo kuna kikundi kidogo cha seli kinachojiwasha chenyewe, bila kuamriwa na ubongo. Hicho ndicho kinachoshika mdundo. Umeme ukitoka hapo unasambaa vyumba vya juu, na kwenye karatasi unaonekana kama kilima kidogo, P. Unasita kidogo kwenye kizuizi kati ya juu na chini, kisha unashuka kwa kasi kwenye vyumba vikubwa vya chini, nacho kinatokea kilele kirefu, Q, R, S. Mwisho misuli inajichaji upya kwa ajili ya pigo linalofuata, na hilo ndilo wimbi T. Kwa kawaida T inatazama juu. Yale mawimbi ya kaka "yaliyogeuka" yalikuwa T zilizotazama chini.

Mazoezi ya miaka yanagusa karibu kila herufi. Misuli ikinenepa, kilele cha R kinarefuka. Kizuizi cha katikati kinachelewesha zaidi. Na kikundi kile kinachoshika mdundo kinapunguza mwendo. Hesabu yake si ngumu. Mtu aliyekaa tu, moyo wake husukuma lita tano hivi za damu kwa dakika. Kwa mapigo 70, kila pigo likitoa mililita 70, unapata lita 4.9. Mwenye moyo uliopanuka kwa mazoezi anaweza kutoa mililita 110 kwa pigo. Kwake mapigo 44 yanatoa lita 4.84. Kazi ni ile ile. Nilifanya hesabu hii mara ya kwanza nyuma ya risiti ya maktaba, nikakaa kimya muda mrefu.

Kwenye Olimpiki ya Amsterdam ya 1928, daktari Mholanzi Hoogerwerf aliwapiga ECG wanariadha zaidi ya 200. Kwa mara ya kwanza mioyo ya watu waliofunzwa sana, kutoka nchi nyingi, iliwekwa kwenye karatasi kwa wingi. Ungedhani suala lingeisha hapo, lakini liliendelea kuwa la wataalamu wachache. Daktari wa kawaida aliyeona mapigo chini ya 50 aliendelea kuwaza ugonjwa, kwa sababu wagonjwa ndio aliokuwa akiwaona kila siku.

Mtu aliyeishi ndani ya mkanganyiko huo kwa muda mrefu kuliko wote ni Clarence DeMar. Alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1888. Baba akafariki mapema, naye akapelekwa shule ya wavulana wasiojiweza kwenye kisiwa katika bandari ya Boston. Alipokua akawa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, akifanya kazi akiwa amesimama, na kukimbia kwenda na kurudi kazini. Kabla ya marathoni ya Boston ya 1911, daktari alimwekea stetoskopu kifuani akasikia mlio wa ziada. Akamwambia mbio hizo ziwe za mwisho, na akichoka njiani aache. DeMar alishinda, akavunja na rekodi ya mbio hizo.

Mwaka uliofuata alikimbia Olimpiki ya Stockholm akawa wa 12, kisha kwa miaka mingi akajiweka mbali na mbio kubwa. Sababu zilikuwa kadhaa, imani yake na masomo yakiwemo, lakini kauli ya daktari haikuwa mbali. Nikiifikia sehemu hii huwa nahesabu. Mwaka 1911 alikuwa na miaka 22. Alipochukua tena ushindi wa Boston, mwaka 1922, alikuwa anakaribia 34. Ile ndiyo miaka ambayo miguu ya mkimbiaji haimdai chochote. Alishinda tena 1923, 1924, 1927, 1928, na mwisho 1930 akiwa na miaka 41. Jumla mara saba, na katikati yake medali ya shaba kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris, 1924. Hakuna aliyejua ingekuwa ngapi kama stetoskopu ya 1911 ingewekwa mfukoni.

Alifariki kwa saratani mwaka 1958, akiwa na miaka 70. Waliofungua kifua chake walikuta mishipa inayolisha moyo ina upana unaokadiriwa mara mbili hadi tatu ya kawaida. Ripoti ilichapwa 1961 na James Currens na Paul Dudley White. White ni jina kubwa: ndiye aliyeleta mashine ya ECG katika hospitali kuu ya Massachusetts mwaka 1914, ndiye aliyeitwa Rais Eisenhower alipopata shambulio la moyo mwaka 1955, na ndiye aliyewahubiria Wamarekani wapande baiskeli, naye mwenyewe akapanda. Mwaka 1942 alikuwa amechapisha makala kuhusu wanariadha, hasa wa mbio ndefu, ambao mapigo yao yalikuwa chini ya 40 na ambao walikuwa wazima. Chini ya 40! Miaka 74 kabla ya kaka yangu kulazwa kwenye kitanda kile na 44 zake.

Kwa nini moyo unapunguza mwendo, hilo bado linabishaniwa, na ubishi wenyewe ni mtamu. Vitabu vya shule vinasema ni neva ya vagasi, ile inayoshuka kutoka kwenye ubongo na kuutuliza moyo. Kwa mwanariadha eti inavuta hatamu zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Manchester waliwachukua panya waliofunzwa kuogelea, wakazima kwa dawa amri zote za neva. Mioyo ya panya hao iliendelea kwenda polepole. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya seli zenyewe za kushika mdundo: vijimlango vinavyoruhusu mkondo wa kuwasha pigo vilikuwa vimepungua. Wanaoitetea vagasi hawajanyamaza. Mimi si mwamuzi, ila nimeipenda picha hiyo, kwamba mazoezi hayamshikilii mpiga ngoma mkono. Yanambadilisha mpiga ngoma mwenyewe.

Hadi hapa ningeweza kuandika hukumu dhidi ya daktari wa kaka na kwenda kulala. Tatizo ni tarehe 26 Juni 2003.

Siku hiyo, uwanjani Lyon, Kameruni ilikuwa ikicheza na Kolombia nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72 Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja, hakuna mtu karibu naye. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi wa maiti ulikuta ugonjwa wa kurithi ambao unanenepesha kuta za moyo na kuvuruga umeme wake. Nimeitazama picha ile ya video mara moja tu, na sikusudii kuirudia.

Ukuta wa moyo wa mwanariadha hunenepa kwa mazoezi. Ukuta wa moyo wa mgonjwa wa aina ya Foé hunenepa kwa ugonjwa. Kati ya milimita 13 na 15 kuna ukanda wa mashaka ambamo hawa wawili wanaweza kufanana kwa kipimo. Kwenye ECG pia wanakopeshana alama: R ndefu kwa wote, T zilizogeuka mara nyingi kwa mgonjwa na mara nyingine kwa mzima. Daktari anayemzuia mtu mzima amemnyang'anya maisha aliyoyataka. Akimruhusu mgonjwa, huenda amemzika. Ningekuwa ndani ya koti lile jeupe, na watu 40 wakisubiri nje kwenye benchi, sijui ningeandika nini.

Italia iliamua kutobahatisha. Sheria ya 1982 ilimlazimisha kila mwanamichezo wa mashindano kupimwa, ECG ikiwemo. Kwenye mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, miaka ya 1979 na 1980, hadi 0.4 mwaka 2003 na 2004. Ni takwimu nzito. Israel nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1997, lakini watafiti waliolinganisha miaka ya kabla na baada, katika makala ya 2011, hawakuona tofauti ya maana. Wataalamu wamegawanyika hadi leo. Wanalokubaliana ni kwamba kupima bila kujua kusoma kunatengeneza wagonjwa wa uongo, tena wengi. Roma, mwaka 2000, Antonio Pelliccia na wenzake walichapisha ECG za wanamichezo 1,005, na asilimia 40 hivi hazikuwa za kawaida, wakati wengi wa wenye karatasi hizo walikuwa wazima kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisilale.

Ukiuliza T iliyogeuka ni ugonjwa au la, jibu linategemea ulikusanya mioyo ya nani ulipokuwa unaandika jedwali la kawaida. Kwa muda mrefu ilikusanywa mioyo ya Wazungu. Mwaka 2011 kundi la London la Michael Papadakis na Sanjay Sharma, pamoja na wenzao wa Ufaransa, lilichapisha uchunguzi wa wanamichezo weusi 904. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na T zilizogeuka. Kwa wanamichezo weupe ilikuwa chini ya 4 katika 100. Wengi wa hao weusi, T zao zilikuwa zimegeuka kwenye vibandiko vya mbele ya kifua, cha kwanza hadi cha nne, na walikuwa wazima.

Mwaka 2014 kundi la Sharma likafanya kitu rahisi na cha ukatili. Lilichukua ECG za wanamichezo weusi 1,208 na weupe 4,297, likazisoma kwa vigezo vitatu tofauti. Kwa vigezo vya Ulaya vya 2010, asilimia 40 ya weusi walionekana si wa kawaida, na 16 ya weupe. Kwa vigezo vya Seattle, vilivyochapishwa 2013, weusi walishuka hadi 18. Kwa vigezo vilivyoboreshwa zaidi, asilimia 11.5. Na vyote vitatu viliwakamata karibu wagonjwa wote wa ule ugonjwa wa Foé. Karatasi ni zile zile. Mioyo ni ile ile. Mtu aliyekuwa mgonjwa asubuhi anapona mchana kwa sababu rula imebadilishwa.

Mwaka 2017 makubaliano ya kimataifa yakaandika rasmi: kwa mwanamichezo mweusi asiye na dalili, T zilizogeuka kwenye vibandiko cha kwanza hadi cha nne, zikitanguliwa na mstari ulionyanyuka kama mgongo wa kilima, ni za kawaida. Seattle ilikuwa imeshalisema hilo mwaka 2013, miaka mitatu kabla ya kaka. Makala zilikuwepo, ila hazikuwa zimefika ndani ya ile mashine, wala kwenye ule mlango.

Hata hivyo nina neno na hilo "mweusi". Wanamichezo 904 walipimwa Uingereza na Ufaransa, wengi wao wenye asili ya Afrika Magharibi na Karibiani. Mkimbiaji wa Mbulu aliyekulia mlimani ana uhusiano gani na mcheza mpira wa Paris ambaye wazazi wake walitoka Bamako? Utafiti wa 2019 ulioangalia wanamichezo weusi kwa kanda walikotoka ulikuta kwamba mistari yao inatofautiana kanda hadi kanda. Bara zima lilikuwa limepewa safu moja kwenye jedwali, na hiyo ilihesabiwa kuwa hatua mbele. Nadhani kweli ilikuwa hatua mbele. Bado si safu yetu.

Wala sitaki kuimba kwamba mazoezi hayana deni. Uswidi, nchi ya Henschen, kuna mbio za Vasaloppet, kilomita 90 za kuteleza thelujini. Mwaka 2013 ilichapishwa habari ya washiriki 52,755. Waliomaliza mbio tano au zaidi walikuwa na hatari ya kuvurugika mdundo kwa kiasi cha asilimia 30 zaidi ya waliomaliza mara moja, hasa vyumba vya juu kutetemeka bila mpangilio. Henschen aliona moyo mkubwa ukishinda mbio. Vijukuu vya wateja wake wanalipa riba kidogo uzeeni.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani na laptopu imejaa haya yote. Usiku wa pili nikamwomba mama Biblia. Nilikuwa nimejiandaa vizuri: nilijua nitatazama vibandiko vipi, nilijua T ya tano na ya sita zikigeuka ni habari nyingine, hiyo haisamehewi kwa rangi wala kwa mazoezi, inatakiwa uchunguzi kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimemwomba hata daktari mmoja rafiki yangu asubiri picha kwenye simu.

Nikaikunjua karatasi. Ni karatasi ya joto, aina ile ile ya risiti za EFD, ambazo ukikaa nazo mwaka zinakuwa nyeupe. Viboksi vyekundu vilikuwepo vyote, safi, kwa sababu vilichapwa kwa wino kiwandani. Mstari ulikuwa umefutika. Nilipoielekeza kwenye taa niliona kivuli cha vilele viwili vitatu upande wa kushoto na, juu, sehemu ya tarakimu ambayo ni 4 kwa anayejua kwamba ni 4. Barua ya daktari ilisema "T zimegeuka" na haikusema wapi.

Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Kwa hiyo nilikuwa mzima?"

Nikamwambia sijui. Nikamweleza kuhusu baiskeli ya Leiden, na DeMar, na rula. Alisikiliza hadi mwisho. Yeye siku zote ni msikilizaji mzuri. Kisha nikamshika kifundo cha mkono, nikaweka simu mezani na kuhesabu dakika nzima. Mapigo 66. Miaka bila kukimbia imeurudisha moyo wake kwenye hesabu ya watu wote. Nikamwambia ECG ya leo haiwezi kutueleza ile ya 2016. Lakini eko inaweza kutazama ukuta, kwa sababu mazoezi yakiondoka unene wake unapungua, ugonjwa ukiwepo unabaki. Na sasa hela ya nauli ipo, nina posho.

Aliikunja ile karatasi tupu kwenye mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye Biblia, kitabu cha Zaburi, ilipokuwa.

"Twende Januari," alisema. "Ila ukuta ukionekana mzima, utamwambia mama wewe. Mimi siwezi."